Dari Ibandukayo: Habari za Chokaa katika Nyumba za Mawe za Pwani

Neno dari katika Kiswahili cha pwani hubeba maana mbili. Mtu aliyeketi chini akainua macho, kile akionacho juu ya kichwa chake ni dari. Na mtu aliyepanda ngazi akasimama orofani, pale asimamapo ni darini. Wala huo si upungufu wa lugha. Katika nyumba ya mawe vitu hivyo viwili ni kitu kimoja: tumbo lake hutazamwa na wa chini, na mgongo wake hukanyagwa na wa juu. Neno sakafu limesafiri safari ya ajabu zaidi. Waarabu husema saqf, na maana yao ni kile kifunikacho nyumba kwa juu. Waswahili walilipokea neno hilo wakaliweka juu ya tabaka la chokaa na kokoto lililopondwa likawa gumu, liwe ni tabaka la paa bapa au la chumba cha kati, hata mwisho likashuka kabisa, na leo watu wengi hawajui maana yake nyingine ila ile iliyo chini ya miguu. Neno lililoanza juu limeishia chini, kwa sababu mafundi wa pwani walijenga hivyo.

Mtu atakaye kujua kwa nini rangi ya dari hubanduka, na kwa nini ikitengenezwa hubanduka tena, afadhali aanze na maneno hayo mawili kabla ya kwenda dukani. Malalamiko yenyewe ni ya kila mwaka katika miji ya mawe, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja. Mwenye nyumba hupaka rangi ili nyumba ipendeze siku ya Idi. Masika yakinyesha, rangi hufanya malengelenge; masika yakipita, malengelenge hupasuka, na magamba meupe huanguka juu ya kitanda, juu ya mkeka, na pengine katika sahani ya wali. Mwenye nyumba hulaumu rangi, fundi hulaumu mvua, na muuza rangi huuza kopo jingine. Lakini hicho kinachobanduka ni habari ya miaka mingi, na kisa chake hakimo ndani ya kopo.

Kiini cha dari ya zamani ni boriti. Boriti njema hukatwa katika misitu iotayo kwenye maji ya chumvi, mathalani katika visiwa vya Lamu na penye midomo ya Mto Rufiji: mkoko wenyewe, na muia, na mkandaa. Ni mti mgumu na mzito, wenye ukali katika ganda lake na nyama yake, hata mchwa huusumbua kidogo kuliko miti mingi. Lakini una mpaka wake. Gogo lililonyooka, lenye nguvu ya kuchukua mzigo wa mawe, halipatikani kwa urefu mkubwa. Kwa hiyo upana wa chumba katika nyumba ya mawe aghalabu ni mita 2 na nusu hadi 3, uwe urefu wake utakavyokuwa. Tajiri wa Pate au wa Lamu aliweza kununua sahani za China na hariri za Bara Hindi, lakini chumba kipana hakuweza kukinunua. Boriti ndizo zilizompimia mwashi chumba. Tena zilipima na mbali: majahazi yaliyorudi kwao kwa pepo za kusi yalichukua shehena za boriti hizo hizo hata Omani, Bahareni, Kuwaiti na pwani ya Uajemi, nchi zisizo na miti ya kujengea, na vyumba vingi vya zamani vya huko vina wembamba ule ule, maana vilipimwa kwa miti ile ile.

Juu ya boriti waashi walipanga vipande bapa vya matumbawe, na juu ya vipande hivyo wakamwaga chokaa, mchanga na kokoto, wakasakifu. Kusakifu ilikuwa kazi ya watu wengi. Walijipanga safu, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakaponda kwa pamoja kwa kufuata wimbo, siku baada ya siku, mpaka maji yakajitokeza juu na tabaka zima likashikana. Pigo likiwa chache, zege lilibaki na matundu. Pigo zikiwa sawasawa, lilikuwa gumu na lilizuia maji kwa kadiri lilivyoweza. Upande wa chini, nafasi zilizo kati ya boriti zilisiribwa na kupakwa chokaa laini iliyochujwa, iitwayo niru. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18 boriti zilichongwa pande nne, na nyingine zilitiwa rangi nyekundu na nyeusi, hata weupe wa niru ulionekana kama mistari ya karatasi baina ya mistari ya wino. Hakuna dari ya mbao iliyotundikwa chini yake kuficha kazi hiyo. Maji yakipenya juu, hayana mahali pengine pa kutokea ila hapo penye weupe.

Wakubwa wa zamani hawakuridhika daima na kipimo cha mkoko. Huko Kilwa Kisiwani, katika karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilijengwa Husuni Kubwa juu ya jabali la bahari, na Msikiti Mkuu ukaongezwa ukumbi mpana. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331 akamwona sultani huyo. Mafundi wa Kilwa walijaribu kuishinda boriti kwa kutumia zege la chokaa lililopindwa likawa kuba na matao, na ndani ya baadhi ya makuba wakapachika mabakuli yenye kung'aa. Ukumbi ule wa kwanza haukudumu. Ulianguka, ukakaa katika magofu kwa muda mrefu, nao ukajengwa upya mwanzoni mwa karne ya 15 kwa nguzo za mawe na makuba yaonekanayo hata leo. Watu husifu makuba hayo kwa ufundi wake, na ni haki. Lakini jambo lenye kustahili kutazamwa zaidi ni kwamba mji ule ulirudi kutengeneza kilichoanguka, kizazi kingine kikipokea kazi ya kizazi kilichopita kwa chokaa ile ile. Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960, na James Kirkman alipochimba Gedi tangu mwaka 1948, walikuta tabaka juu ya tabaka za sakafu na lipu, zilizofanywa na kufanywa tena.

Sasa chokaa yenyewe. Jiwe la pwani lilikuwa kiumbe cha baharini. Ni kabonati ya kalisi karibu tupu. Mafundi hupanga magogo kwa duara, hutia mawe juu yake, hufanya tanuu ya wazi yenye umbo la keki kubwa, kisha huwasha moto. Joto likifika nyuzi 900 hivi za Sentigredi, jiwe hutoa hewa yake ya kaboni. Katika ratili 100 za jiwe safi hubaki ratili 56 tu. Zile nyingine 44 zimekwenda angani. Kinachobaki ni chokaa kali, yenye kiu, iunguzayo mkono. Ikimwagiwa maji huchemka kwa kelele, huvimba, halafu hutulia ikawa unga au uji mweupe. Mafundi wenye subira hawaitumii siku hiyo. Huitia shimoni chini ya maji miezi kadha, kwa kuwa kadiri ikaavyo ndivyo inavyolainika na kushika. Na hapo ndipo pana ajabu ya chokaa: ikisiribwa ukutani, huanza kuvuta kutoka hewani ile kaboni iliyopoteza katika moto, na polepole hurudi kuwa jiwe. Mwashi hasemi kwa lugha ya elimu ya kemia, lakini ajua kwamba chokaa haikauki tu kama tope likaukavyo. Ajua kwamba yataka unyevu kidogo, yataka hewa, na yataka muda. Akiipaka nene na kuikausha kwa haraka juani, itapasuka. Akiipaka nyembamba kama maziwa, mara nne au tano, itashikana na jiwe lililo chini yake ikawa mwili mmoja nalo.

Chokaa iliyopakwa hivyo ina vitundu vidogo visivyoonekana. Maji yaingiapo katika ukuta au dari hupata njia ya kutoka kwa njia ya mvuke. Doa hutokea, kisha doa hufifia. Hata inapozeeka, chokaa huwa unga unaopukutika, ukafutwa kwa ufagio, na mwaka unaofuata hupakwa nyingine. Jambo hilo halikuitwa kuharibika. Lilikuwa sehemu ya mwaka, kama kusuka makuti au kupaka deheni chombo. Moshi wa mafusho, wa taa za mafuta na wa jikoni uliifanya dari kuwa nyeusi, na chokaa mpya iliifanya nyeupe. Tena ukali wa chokaa huzuia ukungu na wadudu. Ubaya wake ulikuwa mmoja: tabaka zikirundikana miaka na miaka, nakshi zilizochongwa katika lipu, kama zile za zidaka za Lamu na Pate, huzibwa makali yake hata ua likafanana na kifundo.

Nyumba iliyoachwa bila mkono huo wa kila mwaka haikukaa. Washairi waliliona hilo mapema kuliko wahandisi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, aliyataja majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya fahari, nayo yakawa makao ya popo na ndege. Wafasiri hulichukua hilo kuwa ni mfano wa dunia ipitayo, na ndivyo mtunzi alivyokusudia. Lakini mwashi akisoma beti hizo ataona pia kwamba ni taarifa sahihi ya jinsi nyumba ya chokaa ifavyo: kwanza paa lisilotazamwa, kisha maji darini, kisha boriti zinazooza kwenye ncha zilizoingia ukutani, kisha popo.

Katika karne ya 19 mji wa Unguja ulikua kwa haraka chini ya masultani wa Omani. Majumba makubwa yenye mapaa bapa yalijengwa kwa desturi ya nchi kavu katika kisiwa kipatacho zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Yafaa isemwe wazi kwamba paa bapa halikuwa chaguo jema kwa mahali kama hapo. Lilifaa jioni, kwa kupunga upepo. Wakati wa masika lilikuwa birika. Wenye nyumba walivumbua dawa yao: baada ya mabati kuingia pwani (kitu kilichobuniwa Uingereza mwaka 1829), wengi walijenga paa la pili la mabati yenye mteremko juu ya lile bapa, na paa la zamani likawa dari. Hivyo neno likateremka hatua nyingine. Mwaka 1883 Sayyid Barghash alimaliza Beit al-Ajaib, jumba lililotia ndani yake nguzo za chuma kutoka ng'ambo pamoja na mawe na chokaa ya nchi, na ambalo baadaye lilitiwa umeme na lifti. Ulikuwa mwanzo wa ndoa ya vitu viwili visivyolelewa pamoja, na ndoa hiyo imeendelea tangu hapo katika nyumba ndogo na kubwa.

Si pwani peke yake iliyosumbuliwa na dari. Michelangelo alipoanza kupaka dari ya kanisa la Sistine huko Roma mwaka 1508, alikuwa hajamaliza hata nusu ukungu ulipoanza kujitokeza juu ya picha zake. Vasari asimulia kwamba fundi yule alikata tamaa akataka kuiacha kazi, mpaka Papa alipomtuma Giuliano da Sangallo, naye akamweleza kwamba chokaa ilitiwa maji mengi mno na yafaa iachwe ipumue. Kasoro haikuwa katika mkono wa mchoraji. Na huko Marekani, tangu mwisho wa karne ya 19 hata Vita Kuu ya Pili, dari za nyumba nyingi zilipakwa kalsimaini, yaani unga wa chaki uliochanganywa na maji na gundi ya wanyama. Ilikuwa rahisi na nyeupe, na kila baada ya muda iliondolewa kwa maji ya moto ikapakwa nyingine. Kizazi kilichofuata hakikujua hayo. Kilipaka rangi ya mafuta au ya plastiki juu yake, na rangi hiyo, ambayo ina nguvu ya kujivuta ikaukapo, ikang'oa kile kichaki dhaifu kilichokuwa chini, ikaning'inia vipande vipande. Kila aliyepaka tena aliongeza uzito juu ya msingi ule ule usioshika. Mafundi wa huko wajua hata leo kwamba dari ibandukayo katika nyumba ya zamani huoshwa kwanza mpaka lipu ionekane, au hupakwa rangi maalumu iliyofanywa kwa kuvumilia kalsimaini. Kisa chao na kisa cha pwani hutofautiana kwa kitu kimoja kikubwa, kwamba huko adui alikuwa gundi, na hapa ni maji na chumvi. Lakini kusahau kulikuwa kwa namna moja.

Rangi za kisasa zilifika pwani kwa vipindi. Kwanza zilikuja rangi za mafuta, ambazo weupe wake kwa muda mrefu ulitoka katika risasi. Zilipendwa kwa sababu zilioshwa na ziling'aa. Sumu yake haikuchelewa kujulikana: mwaka 1904 daktari Lockhart Gibson wa Brisbane alionyesha kwamba watoto wa Queensland walipata sumu ya risasi kutokana na rangi za kuta na za vizuizi vya baraza zao, Ufaransa ilitunga sheria ya kuiondoa katika majengo mwaka 1909, mkutano wa kazi wa mataifa ulifanya mapatano juu yake mwaka 1921, na Marekani, iliyokuwa na nyumba nyingi zenye rangi hiyo, haikuipiga marufuku majumbani mpaka mwaka 1978. Kwa hiyo mtu akwanguaye magamba ya rangi ya mafuta ya zamani kwa msasa mkavu, watoto wakicheza chini yake, afanya jambo la hatari asiloliona. Baadaye zilikuja rangi za maji zenye utomvu wa plastiki, zilizoanza kuuzwa kwa wingi Marekani mwaka 1948, nazo hazina harufu kali, hukauka upesi, na kila mtu aweza kuzipaka mwenyewe. Usahili huo ndio ulioziondoa burashi za makumbi na ndoo za chokaa mikononi mwa watu.

Pamoja na rangi ilikuja saruji. Joseph Aspdin wa Leeds alipata hati yake ya saruji ya Portland mwaka 1824, lakini kwa muda mrefu pwani iliipokea kwa meli na kwa bei kubwa. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kile cha Wazo, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1966. Tangu hapo mfuko wa saruji ukawa rahisi kupatikana kuliko debe la chokaa iliyokaa shimoni miezi sita. Wala hapana haja ya kuilaani saruji. Bila hiyo nyumba, shule na madaraja mengi ya nchi hizi yasingekuwako. Kosa limo katika kuitia mahali isipofaa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, nayo hupitisha mvuke kidogo sana kuliko chokaa. Fundi akiziba dari ya chokaa kwa lipu ya saruji, kisha akaipaka rangi ya plastiki, ameyafungia maji ndani. Maji hayo hayakai bure. Jiwe la baharini lina chumvi, na mchanga wa pwani uliochotwa ufukweni una chumvi zaidi. Chumvi huyeyuka, husafiri na maji mpaka nyuma ya rangi, na maji yakipungua hugeuka fuwele. Fuwele zikikua zina nguvu ya kusukuma. Huisukuma rangi, kisha huisukuma lipu, kisha huuma jiwe lenyewe likawa unga. Malengelenge ayaonayo mwenye nyumba baada ya masika ni hizo. Aidha, unyevu uliofungwa huzirudia boriti, na mkoko uliovumilia karne mbili katika hewa kavu huoza kwa miaka michache ukiwa umevishwa nguo isiyopitisha jasho. Huko ndiko dari ibandukayo inakokuwa jambo la uhai wa mtu, maana juu ya boriti kuna mzigo wa mawe.

Hata hivyo sababu si za mawe peke yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilitwaliwa na Serikali, na jamaa wengi walipewa vyumba katika nyumba iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Haki ya kukaa iliwafikia watu ambao hawakuwahi kuwa nayo. Wajibu wa kutengeneza haukupata mwenyewe. Mkaaji wa chini aliona dari yake ikibanduka, lakini maji yalitoka bafuni kwa mkaaji wa juu, na paa lilikuwa la wote, yaani si la mtu. Hapo maana mbili za neno dari zikawa ugomvi wa watu wawili. Kila mmoja alitengeneza upande wake: wa chini alipaka rangi, na wa juu alimwaga saruji juu ya sakafu ya zamani, akaziongezea boriti mzigo ambao hazikupimiwa. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe; mwaka 2000 mji huo uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Kuandikwa hakuzuii mvua. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa zaidi ya jumba hilo pamoja na mnara wake ilianguka na kuua watu wawili.

Msomaji atauliza: kwa nini basi watu wasirudi kwenye chokaa wote kwa pamoja? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake lina uchungu. Tanuu ya chokaa hula kuni nyingi, na mawe yake yakichimbwa katika mwamba ulio hai huharibu mazalio ya samaki na ukingo wa ufuko. Boriti nazo zina deni lao: misitu ya mikoko ilikatwa sana hata Kenya ikapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Wala si kweli, kama wapenzi wengine wa mambo ya kale wasemavyo, kwamba wazee waliishi kwa amani na kila mti na kila jiwe. Waliishi wachache zaidi, wakakata kwa shoka. Lakini kutengeneza si sawa na kujenga. Dari moja yataka ndoo chache za chokaa, na jiwe lake laweza kuwa la nchi kavu, lililokufa zamani. Kiasi hicho hakiumalizi mwamba. Kinachokwisha kwa upesi zaidi ni mafundi, kwa kuwa kijana ajifunzaye kazi leo hufundishwa saruji, naye akiitwa kwenye nyumba ya mawe huleta akijuacho.

Kazi yenyewe, kwa fundi aijuaye, haianzi darini. Huanza juu. Atapanda paani atazame mabati, misumari, mifereji na kona za ukuta. Atauliza bafu la orofani liko wapi na maji yake yapita njia gani. Ataingiza kisu katika ncha za boriti ziingiapo ukutani, maana hapo ndipo zinapooza kwanza. Boriti iliyolegea hubadilishwa au hutiwa mwenzake ubavuni kabla ya mtu kuwaza habari ya weupe. Maji yakisha kuzuiwa, dari huachwa ikauke, si siku mbili bali majuma, na madirisha yakiwa wazi. Ndiyo sababu mafundi wa zamani waliipenda kazi hii wakati wa kaskazi, baada ya vuli na kabla ya masika. Kisha rangi ya plastiki hukwanguliwa yote, hata ile ambayo bado imeshika, kwa sababu ukingo wake ndio utakaoanza kubanduka mwaka kesho. Ikiwa chini yake kuna rangi ya mafuta ya zamani, hulowanishwa kwanza ili vumbi lisipae, watoto huondolewa nyumbani, na magamba hukusanywa yasichanganyike na udongo wa uani. Lipu ya saruji hugongwa kwa kifundo cha kidole: ikilia kama ngoma, imeachana na jiwe, nayo hutolewa. Chumvi iliyokauka hufagiwa kwa ufagio mkavu. Wengine huiosha kwa maji, na chumvi hurudi ndani pamoja na maji hayo.

Mashimo huzibwa kwa chokaa na mchanga wa nchi kavu, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikinyunyizwa maji isikauke kwa pupa. Mwisho huja niru. Hupakwa juu ya dari iliyoloweshwa kidogo, nyepesi hata mpakaji mgeni hudhani amepaka maji matupu, kwa maana siku ya kwanza haionekani. Weupe wake hutokea kadiri inavyokauka. Siku ya pili hupakwa tena, na ya tatu, na ya nne. Ile iliyobaki hurudishwa shimoni, hufunikwa kwa maji vidole vitatu, na kuwekwa mpaka mwaka ujao.